Shuka Utembee

Mtu akinunua gari la foo-wili, rafiki zake humpongeza kwamba sasa atapita kokote. Nimefanya kazi ya nyuki katika misitu ya Tabora tangu miaka ya mwanzo ya 1990, nimeendesha magari hayo na kuendeshwa ndani yake masika na kiangazi, na kauli hiyo hunitia hofu kila ninapoisikia. Nguvu ya magurudumu manne ni akiba ya kukutoa mahali pabaya. Ukiitumia kuingia, akiba imekwisha, na sasa umenasa mbali zaidi na barabara kuliko yule mwenye gari la kawaida, ambaye alikwama ukingoni tu, watu wakamsukuma, akaenda zake.

Aliyeniingizia fikra hiyo alikuwa dereva wa Kipalapala, pembeni mwa mji wa Tabora. Tulimwita Mzee, basi, ingawa ofisini kwetu wazee hawakuwa haba. Wasomaji wa rika langu wanaijua Kipalapala kwa mambo mawili: Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, ambayo imelea mapadri wengi wa nchi hii, na kiwanda cha uchapaji cha misheni, ambacho herufi zake tatu, T.M.P., zilikuwa kwenye majalada ya vitabu vingi vya Kiswahili tulivyosoma. Mzee alikuwa ameutumia ujana wake kupeleka vitabu hivyo parokiani kwa Land Rover, enzi ambazo barabara ya Sikonge na ile ya Urambo zilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Alipokuja kwetu kwenye kazi ya nyuki alikuwa na mvi kichwa kizima, na hakuwahi kupindua gari.

Siku ya kwanza ya kunifundisha hakunipa ufunguo. Tulitoka Kipalapala kwa miguu tukateremka kuelekea bondeni, na kila baada ya mwendo aliniambia nisimame, nipige kisigino chini, nisikilize. Juu kwenye mgongo wa nchi, chini ya miyombo, kisigino kililia juu ya changarawe. Chini kidogo mlio ulipotea, mguu ukazama kwenye mchanga wa kijivu. Tulipofika kwenye nyasi ndefu zisizo na miti, isipokuwa migunga mifupi yenye miiba, kisigino kiliacha alama yenye ukingo mkali, mithili ya sabuni iliyolowa. Mzee akainama, akachukua donge la udongo ule mweusi, akalivingirisha viganjani hadi likawa kamba nyembamba, akanipa. Halikukatika. "Udongo unaoviringika hivi, mwanangu, utaviringika pia kwenye tairi," alisema.

Baadaye nilisoma kwamba alichonionyesha kina historia katika sayansi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, ndiye aliyeeleza katika miaka ya 1930 jinsi udongo wa nchi yetu unavyojipanga kuanzia kilimani hadi bondeni na kurudia mpangilio huohuo kilima baada ya kilima. Kuanzia Desemba 1935 hadi Februari 1936 alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika akiuchunguza, tena wakati wa mvua. Wasukuma walikwisha kuzipa ngazi hizo majina kabla yake, wakajua ipi ni ya muhogo, ipi ya mpunga na ipi ya malisho: luseni, itogolo, ibambasi, mbuga. Kwa dereva elimu hii ina thamani kubwa, maana inamwambia kinachokuja kabla hajakiona. Ukiona miyombo na mininga mbele yako, unajua chini pana mshiko. Miti ikianza kupungua na migunga kuingia, punguza mwendo. Miti ikiisha kabisa, simama.

Kisha ndipo ukafika wakati wa gari. Lilikuwa Land Cruiser ya zile za kazi, yenye habu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele, na Mzee alinifanya nizifunge tukiwa bado pakavu. Alinieleza jambo ambalo wenye magari haya wengi hawalijui hadi leo. Difu hupeleka nguvu kwenye upande ulio mwepesi kuzunguka. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakikosa mshiko, hayo mawili yatazunguka bure na mengine mawili yatatulia kimya, gari lisisogee hata shubiri, labda liwe na kufuli ya difu. Kwa hiyo foo-wili ya kawaida, pabaya panapozidi, ni magurudumu mawili. Na jambo la pili: magurudumu manne husaidia kuondoka, hayasaidii kusimama. Kwenye utelezi gari la foo-wili lina breki zilezile za gari jingine lolote, na kwa kawaida ni zito zaidi.

Mchanga wa Tabora una adabu zake, na kubwa kuliko zote ni upepo wa tairi. Tairi iliyojazwa hadi 35 kwenye geji kwa ajili ya barabara kuu huchimba mchanga. Ishushe hadi 20 hivi, itakaa chini kwa urefu zaidi na kuelea. Nimeona gari ambalo vijana walilisukuma nusu saa bila mafanikio likitoka lenyewe, taratibu, baada ya mtu kuchuchumaa na kijiti kwenye valvu za tairi zote nne. Ila ukishapunguza upepo, usikate kona kwa kasi, maana tairi inaweza kuvuka ukingo wa ringi. Na ukirudi kwenye barabara ngumu, jaza tena kabla ya kukimbia, kwani tairi laini ikikimbizwa hupata moto na kupasuka. Anayepunguza upepo bila kuwa na pampu garini anahamisha hatari kutoka hapa kwenda pale.

Mchangani usikanyage breki kwa nguvu, kwa sababu magurudumu yatajijengea kizingiti mbele yake. Acha gari lipunguze mwendo lenyewe, lisimame, ikiwezekana likielekea mteremko. Na gurudumu likianza kuzunguka bila gari kwenda mbele, ondoa mguu mara moja. Hapo ndipo watu wengi hushindwa kujizuia. Moyo unasema ongeza, injini inanguruma, mchanga unaruka, na katika sekunde chache gari lililokuwa limezama hadi nusu ya tairi linakalia tumbo. Kutoka nusu ya tairi ni kazi ya beleshi na dakika chache. Kutoka tumboni ni kazi ya mchana mzima.

Vidole gumba navyo viwe nje ya usukani, vilale juu ya ukingo. Tairi ya mbele ikigonga kisiki au ukingo wa korongo, usukani unaweza kurudi kwa ghafla, na kidole kilichojifungia ndani ya mkono wa usukani huvunjika. Mzee aliniambia hilo mara moja tu, kisha kila niliposahau alinigonga mkono.

Njia tulizopita nyingi ni za watu wa kale, na nimejifunza kuwaheshimu kama walimu. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, na kutoka hapo hadi Ujiji, misafara ya karne ya 19 ilitembea kwa mguu, mpagazi akibeba kiasi cha frasila mbili, karibu kilo 30 au zaidi. Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, mara nyingi Mnyamwezi, na kazi yake ilikuwa kuchagua njia. Njia zilipogawanyika, iliyo mbaya ilizibwa kwa tawi la mti au kwa mstari uliochorwa kwa mguu mavumbini, ili walio nyuma wasiifuate. Desturi hiyo haijafa. Hadi leo lori likiharibika kwenye barabara zetu, au daraja likikatika, utingo anavunja matawi na kuyalaza barabarani kwa mbali, na dereva mwenye akili akiona majani mabichi katikati ya njia anajua kwamba kuna mtu amemtangulia na amemhurumia.

Wale watu walijua pia kungoja. Stanley alivuka bonde la Makata katika masika ya mwaka 1871, na maji na tope vilimwadhibu yeye, wapagazi na punda wake kiasi ambacho kitabu chake hakikusahau. Mwaka uliofuata, Livingstone alikaa Kwihara, mwendo mfupi kutoka Kipalapala, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi watoke pwani kabla ya kuanza safari yake ya mwisho. Tembe alimokaa imehifadhiwa kama makumbusho. Ninapowapeleka madereva vijana pale huwaonyesha baraza na kuwaambia hesabu hiyo ya miezi, maana wengi wao hawawezi kungoja hata jua la mchana likaushe njia.

Kungoja niliona maana yake katika mvua za El Niño, mwanzoni mwa mwaka 1998. Tulikuwa upande wa kusini wa Sikonge, tunapeleka vifaa vya mafunzo ya wafugaji nyuki: mavazi ya kujikinga, ndoo, mashine ndogo ya kukamua asali. Tukafika kwenye mbuga asubuhi, jua limeshapanda. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Uso wa mbuga ulikuwa umekauka, umeanza hata kupasuka vijistari, na alama za magari ya wiki za nyuma zilikwenda moja kwa moja hadi ng'ambo. Mimi ningepita. Mzee alizima injini, akavua viatu, akakunja suruali, akakata fimbo, akaingia.

Nilimfuata. Kila hatua kumi hivi alisimama na kuichoma fimbo ardhini kwa uzito wake wote. Mwanzoni iligota. Tulipokaribia katikati, ilizuiliwa kidogo na ganda la juu, kisha ikapenya na kuendelea kushuka kana kwamba chini hapakuwa na kitu, hadi ngumi yake ikagusa udongo. Akaichomoa, imelowa yote. "Umeona? Hili ni ganda tu. Juu pamekauka, tumboni bado pana maji." Udongo wa mbuga una tabia hiyo kwa sababu mfinyanzi wake hunywa maji polepole, huvimba, na ukishavimba hauyaachi. Juu panadanganya siku mbili baada ya mvua. Ndani pananyonya wiki kadhaa.

Tulikuwa tumerudi garini tunachemsha chai gari jingine lilipotokea nyuma yetu, jipya kuliko letu, na winchi imefungwa mbele. Dereva wake, kijana mwenye adabu, alishuka.

"Shikamoo, Mzee. Mmeharibikiwa?"

"Marahaba, mwanangu. Hatujaharibikiwa. Tunangoja."

"Mnangoja nini? Si pamekauka?"

"Chini bado. Vua viatu ukaone."

Alitazama saa, akatazama ile winchi, akashukuru, akaingia. Ganda lilimbeba kupita nusu ya mbuga. Kisha nyuma ikazama, mbele ikafuata, na tuliposikia injini ikipandisha sauti Mzee aliweka kikombe chini akaanza kutafuta beleshi, kwa sababu alijua kazi imekuwa yetu sote.

Hapo ndipo nilipoelewa winchi ni nini na si nini. Waya wake ulikuwa na urefu wa kama mita 30. Mti wa karibu ulikuwa mbali mara nyingi zaidi ya hapo. Mbuga haina miti. Ndiyo maana inaitwa mbuga, na ndiyo maana ndipo mahali pa mwisho ambapo winchi ingeweza kukusaidia peke yake. Tulichimba shimo mbele ya gari, refu hadi kiunoni, tukasimamisha tairi ya akiba ndani yake, waya tukauzungushia, tukafukia na kushindilia. Mara ya kwanza tairi ilitoka nje pamoja na udongo wake. Mara ya pili tulichimba zaidi na kulifanya shimo liinamie mbele, gari likasogea urefu wake, likazama tena. Jua lilikuwa limeshuka wakati wachungaji wa Kisukuma walipokuja na ng'ombe wao wa kulimia. Jozi za ng'ombe, nira na minyororo, pamoja na sauti za wale vijana, ndivyo vilivyolitoa gari lile, kwa kurudi nyuma, hadi pale lilipoingilia.

Tulilala pale sote. Asubuhi mmoja wa wachungaji alipanda nasi akatuzungusha kwa njia ya migongoni, mwendo mrefu, tukavukia mahali ambapo mbuga inakuwa nyembamba na ng'ombe huvuka kila siku bila kuzama zaidi ya kwato. Mchungaji ndiye kirangozi wa leo. Anajua mahali ng'ombe wake walipovunjika miguu na mahali wanapokunywa, na mara nyingi ujuzi huo unapatikana kwa salamu na sigara mbili. Dereva anayempita mchungaji bila kusimama kumsalimu ameidharau ramani iliyo bora kuliko aliyonayo kwenye simu, ambayo huko kusini kwa kawaida haina mtandao.

Kuna jambo la mchana ule ambalo sijalisema, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Kabla waya haujakazwa, Mzee aliwafukuza watoto wote waliokuja kutazama. Aliwarudisha mbali, zaidi ya urefu wa waya wenyewe, kisha akachukua gunia lililolowa akalitundika katikati ya waya, na akamwambia dereva ainue boneti. Baadhi ya watu walimcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mwaka mwingine, kwenye barabara nyingine, nilikuwa nimeshuhudia kamba ikikatika. Gari lililokwama lilikuwa limefungwa kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela. Mpira ule umetengenezwa kwa ajili ya trela inayofuata nyuma kwa utulivu, haukutengenezwa kwa mshtuko wa kunasua gari. Ulivunjika shingoni, kamba iliyokuwa imevutika ikaurusha, ukapita kwenye kioo cha gari lililokuwa likivuta, na kijana aliyeegemea mlango akitazama akavunjwa taya. Angekuwa amesimama shubiri moja pembeni tungemzika.

Kamba au waya uliokazwa umehifadhi nguvu ya gari zima. Ukikatika, nguvu hiyo lazima iende mahali. Gunia lililolowa, zulia la gari, hata koti zito, likitundikwa juu yake huurudisha waya chini. Boneti iliyoinuliwa hukinga kioo. Funga kwenye ndoano zilizoshikana na chesisi, kwa pingu za chuma zenye pini ya skrubu, usiunganishe kamba mbili kwa kipande cha chuma katikati. Na watu wasimame mbali, hasa watoto, ambao kijijini gari lililokwama kwao ni sinema. Kuwaondoa watoto ni kazi ya dereva. Wanakijiji watakusaidia kusukuma kwa moyo wote, lakini hawajui kilichomo ndani ya kamba ile, wewe unajua.

Jeki ndefu ya kunyanyulia gari toka kwenye bampa nayo ni ya kuogopwa vivyo hivyo. Mpini wake ukiponyoka hupanda kwa nguvu inayoweza kuvunja kidevu, kwa hiyo kichwa kisiwe juu yake kamwe. Weka ubao mpana chini ya jeki, au itashuka ardhini badala ya gari kupanda. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo.

Msituni penyewe, hatari iliyotumaliza tairi haikuwa tope, ilikuwa visiki. Tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge hukaushwa kwa moto, na moto unataka kuni, kwa hiyo maeneo makubwa ya miyombo yamejaa visiki vilivyokatwa kwa mshazari wa shoka, vikali juu. Mvua ikinyesha nyasi huvifunika. Kisiki hakitoboi tairi pale pa kukanyagia, ambapo ni pazito. Kinachana ubavu, na ubavu uliochanwa haushiki kiraka. Kwa hiyo mtu mmoja hutangulia na fimbo akipapasa nyasi, dereva nyuma yake kwa gia ya kwanza. Hapo ndorobo hufanya kazi yao. Ndorobo hupenda kitu cheusi kinachotembea, na gari linawaita. Wanaingia, wanauma, abiria wanapiga kelele, dereva anafunga vioo na kuongeza mwendo ili awaache nyuma, na papo hapo anakutana na kisiki. Nasema kwa uchungu kwa sababu nimeona safari za siku nyingi zikiishia hapo: vaeni mikono mirefu, vumilieni, mwendo ubaki uleule.

Kiangazi, nyasi hizohizo hukauka na kuwa hatari ya namna nyingine. Mbegu zake huziba rejeta, injini ikapata moto usiotarajiwa. Majani hujisokota chini ya gari, juu ya bomba la moshi, ambalo baada ya saa kadhaa za gia ndogo lina joto la kuwasha kiberiti. Gari zima linaweza kuteketea mahali ambapo hakuna maji hata ya kunawa, na msitu pamoja nalo. Mzee alisimama kila baada ya muda, akalala chali, akavuta majani kwa kijiti cha waya alichokitengeneza mwenyewe. Hakuegesha kamwe juu ya nyasi ndefu akitoka mwendo mrefu. Alitafuta kichuguu kilichobomoka au njia ya ng'ombe, mahali peupe.

Milima mikali Tabora si mingi, kwa hiyo nitapita haraka. Panda na shuka ukielekea moja kwa moja, usikate mlima kwa ubavu. Ukishuka, iache gia ya kwanza ya nguvu ikushikilie, mguu mbali na klachi. Gari likishindwa kupanda, weka gia ya nyuma urudi kwa mstari uleule. Anayejaribu kugeuza katikati ya mlima analialika gari lipinduke.

Maji ni jambo jingine. Mito yetu, Wala, Ugalla na vijito vyake, kiangazi ni mchanga na madimbwi, na masika hutanda. Kanuni ya Mzee ilikuwa ya miguu tena: pasipopitika kwa miguu, gari halipiti. Pakiwa na viboko au mamba, jibu limepatikana bila kuvua viatu. Maji yanayotembea, yakifika magotini, humsukuma mtu mzima. Yakifika mlangoni mwa gari, huanza kulibeba, na gari linaloelea halina foo-wili. Watu huuona mkonga uliopanda hadi juu ya kioo wakadhani gari limekuwa mashua. Mkonga unaipa injini hewa safi. Hauzuii maji kusukuma mlango.

Na mzigo. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inakaribia kilo 28. Panga ndoo kumi juu ya keria na umeweka karibu kilo 280 kichwani mwa gari ambalo tangu mwanzo limesimama juu. Kisha abiria wanakaa juu ya ndoo. Gari la namna hiyo hupinduka kwenye mwinamo ambao likiwa tupu lisingeutambua. Kwetu asali ilikaa chini, sakafuni, imefungwa kamba, na jeki imefungwa, na beleshi limefungwa, kwa sababu kila kilicho huru ndani ya gari humwangukia mtu siku gari linapolala ubavu. Mikanda nayo ilivaliwa hata kwa mwendo wa mguu. Warina asali walinung'unika kuachwa hadi safari ya pili. Mzee aliwaambia watafika wote, na walifika wote.

Sasa lami imefika mbali. Unaweza kutoka Tabora ukapita Sikonge hadi Mpanda bila kuona tope, na ninaifurahia lami hiyo kwa kila mama mjamzito aliyewahi kufa akisubiri gari. Lakini imeleta dereva mpya, anayetoka kwenye lami kwa mwendo wa lami na kuingia msituni na tairi ngumu, na gari lenye vitufe vinavyomwambia kwamba kompyuta itachagua kila kitu. Vitufe vile ni vizuri. Nimevitumia na vinasaidia. Havijui mbuga ina maji kiasi gani chini ya ganda. Kwa hiyo kila dereva mpya anayekuja kwetu namwanzisha pale Mzee aliponianzishia, kisigino chini, donge la udongo viganjani, na wale wanaoona ni kupoteza muda nawapa gari la mjini.

Safari haikwishi gari likiingia getini. Unaliosha chini, kwenye springi na ndani ya ringi, maana tope likikauka upande mmoja wa gurudumu litatikisa usukani barabarani. Unakanyaga breki mara kadhaa ujue zimekauka. Kama ulivuka maji, unafungua vifuniko vya difu na kutazama oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na ni lazima imwagwe siku hiyohiyo. Unafungua habu. Unahesabu spana. Yote haya kwa sababu usiku huo huo mtu wa zahanati anaweza kuja kuliomba gari, na atalichukua akiamini kila kitu kiko sawa.

Baada ya hapo Mzee aliketi na daftari la gari. Wengine huandika kilomita na mafuta tu. Yeye aliandika mbuga: jina lake kwa wenyeji, tarehe, fimbo ilizama kiasi gani, mchungaji alionyesha njia ipi ya kuzunguka, daraja lipi la magogo limeoza gogo la kushoto. Alistaafu miaka mingi iliyopita. Madaftari yake tunayo kabatini, na kila Novemba, kabla sijamtuma mtu kusini, nakaa naye tunayasoma, kwa kuwa madaraja yamebadilika na barabara zimehama, lakini mbuga aliyoiandika kwamba Februari haipitiki, Februari haipitiki.